Bundi Hajatumwa na Mtu

Hapa Rasbura, bundi akilia usiku juu ya mwembe, watu hunong'onezana kwamba kuna mtu ataondoka. Asubuhi watoto wanaokota mawe. Nasema waziwazi: imani hii ni ya uongo, na imeshatugharimu vya kutosha.

Tumtazame huyo mshtakiwa. Bundi wa misitu yetu, wa Litipo na Rondo, hukaa hata kwenye miti mikubwa karibu na nyumba. Urefu wake haupiti sana sentimita 35, na uzito haufiki nusu kilo. Kichwa ni cha mviringo, hakina vishungi. Nyusi ni nyeupe, mdomo wa manjano, macho ya kahawia iliyokoza hadi hudhaniwa meusi. Mchana hulala ndani ya majani mazito, mara nyingi ubavuni mwa mwenzake. Usiku huitana: dume kwa sauti nzito ya mfululizo, jike akijibu kwa sauti ya juu. Ni mke na mume wanaolinda eneo lao. Hakuna jina la mtu katika wito huo.

Wanaoitetea imani hii wana hoja moja inayostahili jibu: mbona hulia penye mgonjwa? Kwa sababu nyumba yenye mgonjwa huacha taa ikiwaka hadi alfajiri. Taa huvuta nondo na kumbikumbi, na chakula kikuu cha bundi huyu ni wadudu. Wanaouguza nao wako macho, kwa hiyo wanamsikia. Jirani aliyelala hasikii kitu, hata kama amelia juu ya paa lake. Mgonjwa akipona, hakuna anayemtaja bundi. Akifariki, mtaa mzima unakumbuka.

Na huu ni mji wa misikiti! Mtume Muhammad (S.A.W.) alikana itikadi ya ndege mkosi, pamoja na ile ya Waarabu wa zama za ujahiliya kuhusu bundi na roho za wafu. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Hofu ya bundi hatukufundishwa na dini.

Tena hofu hii inatugharimu chakula. Watafiti wanakadiria kwamba panya hula asilimia 5 hadi 15 ya mahindi ya Tanzania. Panya shamba jike huzaa hata zaidi ya kumi kwa mkupuo mmoja. Bundi wa msituni hula panya pia, na yule mwenye uso mweupe anayekaa darini huishi kwa panya hasa. Sisi tunawapiga mawe.

Lakini kinachonichoma zaidi si mahindi. Bundi akishatajwa, huanza kutafutwa aliyemtuma, na vidole huelekezwa kwa bibi mjane, mwenye macho mekundu ya moshi wa kuni. Katika nchi hii vikongwe wamefukuzwa majumbani mwao na wengine wameuawa kwa ushahidi usiozidi huo. Mzazi anayemwambia mwanawe kwamba bundi ametumwa ajue kuwa mashtaka hayo huanzia kinywani mwake.