Mzee Anayeyumba Asiachwe Ameketi

Njia za Masisi ni za milima, na mvua ikinyesha hata kijana huteleza. Walikale ni msitu na mito ya kuvukwa juu ya magogo. Basi afanyeje mzee ambaye mkono wamtetemeka, hatua zimefupika, na miguu yagoma mlangoni kana kwamba imenaswa? Mara nyingi jamaa humketisha mchana kutwa, huku wakinong'ona habari za uchawi na karuho.

Huenda ni ugonjwa wa Parkinson, uitwao kwa jina la daktari aliyeueleza huko London mwaka 1817. Sehemu ndogo ya ubongo huharibika polepole. Hauambukizi, wala hakuna jirani aliyeutuma. Katika wilaya ya Hai, Tanzania, watafiti waliopita nyumba kwa nyumba walitoa taarifa mwaka 2008 kwamba waliwaona wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wametambuliwa kamwe.

Dawa ya levodopa hulegeza viungo, lakini kuyumba haikuponyi sana. Hapo ndipo mazoezi yanapohitajiwa, nayo hayangoji safari ya Goma, ambayo vita huifunga njia yake mara kwa mara. Katika nchi ambamo watu hukimbia usiku, kuweza kuinuka na kufika barabarani si jambo dogo.

Kila siku, dawa ikiisha kushika, mzee aketi juu ya kiti kirefu kisichoyumba, ainuke na kuketi tena mara kadhaa. Kisha ashike mwimo wa mlango, ahamishe uzito mguu huu na huu. Kijana mwenye nguvu asimame ubavuni, nyuma kidogo, maana wagonjwa hawa huanguka kinyumenyume, asimvute mikono. Uani chorweni mistari ya majivu, ya hatua moja moja, mzee aivuke huku watoto wakipiga makofi. Ni ajabu kuona mguu uliogoma ukiitii mistari! Akigeuka, azunguke kwa mduara mpana. Asibebeshwe maji, wala asisemeshwe anapopita penye utelezi. Magogo ya mtoni hatumshauri abadani, hata kama ameyazoea tangu ujana.

Akizidi kuanguka, au akiona kizunguzungu kila asimamapo, mpelekeni kituo cha afya mapema, pamoja na dawa zote anazokunywa.