Nyumba Haijengwi kwa Picha

Ewe msomaji, siku utakapotaka kujenga nyumba yako, utamwuliza nani? Wako wasemao kwamba mwalimu bora ni picha za majumba ya Nairobi. Hao wanapoteza fedha zao. Nairobi iko yapata mita 1,700 juu ya bahari, na usiku wake una baridi. Kulamawe, katika Kaunti ya Isiolo, ni nchi ya ukame na jua kali. Ramani iliyofaa kule yaweza kuwa tanuri huku. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Itazame kwanza nyumba ya asili ya Kiborana, ambayo akina mama huijenga kwa fito zilizopindwa, wakaifunika kwa nyasi na mikeka. Upepo haukuti kona ya kuipiga. Nyasi huzuia joto, nayo hewa hupenya.

Sisemi uyakatae mabati. Hayaliwi na mchwa, tena hukinga maji ya mvua. Lakini bati tupu juu ya kichwa ni moto: weka dari, uache matundu ya kutolea hewa ya joto. Tena, Kulamawe iko karibu na ikweta. Basi kuta fupi zielekee mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipate mahali padogo pa kuchoma.

Atakayeyacheka hayo kuwa ni ya kizamani, mwulize kwa nini saa nane mchana huikimbia nyumba yake akaketi chini ya mti.