Hati Peke Yake Si Shamba

Karani aliyeweka akiba kwa miaka kumi, na mkulima aliyeuza ng'ombe ili apanue shamba lake, wote wawili huwindwa na mtu mmoja, naye ni mlaghai wa ardhi. Mtu huyu haji usiku kama mwizi wa kuku. Huja mchana, amevaa nadhifu, ana maneno matamu, na mkononi ameshika hati yenye mhuri. Husema kwamba bei imeshuka kwa sababu mwenye shamba ana shida, na kwamba mnunuzi mwingine atafika kesho asubuhi. Wahenga walisema rahisi inavunja upishi. Katika mambo ya ardhi huvunja hata nyumba.

Yampasa kila mtu afahamu kwamba hati peke yake si shamba. Hati yaweza kughushiwa. Yaweza kuwa ya kweli, lakini aliyeishika siye ambaye jina lake limeandikwa humo. Tena yaweza kuwa imetolewa na ofisi yenyewe, na bado isimfae mnunuzi. Jambo hili la mwisho lilidhihirishwa na Mahakama ya Juu ya Kenya mwezi wa Aprili 2023, katika kesi ya kiwanja cha Nyali, Mombasa, kando ya bahari. Kampuni moja ilikuwa imekinunua na kupewa hati, lakini mahali hapo palikuwa pa umma, na mwaka 1989 palikuwa pamegawiwa mtu bila sheria kufuatwa. Mahakama iliamua kwamba ikiwa asili ya hati ni mbovu, hati hiyo haimkingi hata mtu aliyenunua kwa nia njema. Katiba ya 2010, kifungu cha 40, nayo yasema kwamba mali iliyopatikana kinyume cha sheria haina ulinzi.

Basi mnunuzi mwenye busara hufanya mambo haya kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Kwanza, huenda mwenyewe, au hutuma wakili wake mwenyewe, kwa msajili wa ardhi ili daftari lichunguzwe. Hapo ataona jina la mwenye shamba, ukubwa wake, na kama limewekwa rehani au limewekewa zuio. Huuliza pia habari za wenyeji waliotangulia, mpaka yule wa kwanza. Karatasi ya uchunguzi iliyoletwa na muuzaji haitoshi.

Pili, huchukua mpimaji na ramani, akatembea mpakani, kisha huwauliza majirani na wazee. Majirani hujua ni nani alimaye pale, na kama shamba lina ugomvi.

Tatu, hutaka kumwona mke au mume wa muuzaji, na kupata idhini yake kwa maandishi. Mashamba mengi yameuzwa na baba huku mama na watoto hawana habari.

Nne, ikiwa ni shamba la kilimo, hakikisha la lazima ni kibali cha bodi ya kudhibiti ardhi. Kwa sheria ya 1967, ombi lapaswa kupelekwa katika miezi sita tangu mapatano, na mapatano yasiyo na kibali huwa batili. Ni kweli kwamba sheria humruhusu aliyelipa adai fedha zake kama deni. Lakini ni nani atakayemdai mtu aliyekwisha kuhama na kuzima simu?

Mwisho, malipo hupitia benki au kwa wakili, kwa mapatano yaliyoandikwa na kutiwa sahihi mbele ya mashahidi. Fedha taslimu zilizotolewa hotelini hazina ushahidi.

Shughuli hizi zaweza kuchukua majuma kadhaa. Muuzaji wa haki hatachukizwa kungoja, wala hataona vibaya akiulizwa maswali. Yule anayekasirika, anayeharakisha, au anayetaka amana leo hii kabla ya ofisi kufungwa, huyo na aachwe aende na hati yake.