Bega la kuli nalo lina bei yake

UKURASA huu huhesabu kila wiki bei ya gunia la viazi kutoka Njombe, nauli ya lori, ushuru wa soko na kile anachotoa mlaji. Gharama moja haimo katika hesabu hizo, nayo ni bega la yule anayelishusha gunia. Hilo ni jambo la kushangaza katika jiji ambalo soko lake kuu linaitwa Kariakoo, jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Maumivu ya bega hayamwandami kuli peke yake. Fundi cherehani, dereva wa lori na mwenye duka anayepandisha makatoni kwenye rafu ya juu wote wanayajua. Na penye maumivu hapakosi muuzaji. Mbali na wakandaji wetu na dawa za kuchua, wapo sasa mijini matabibu wa kairopraktiki, yaani wanaonyoosha uti wa mgongo na viungo kwa mikono. Mwandishi amesomea biashara, si udaktari, kwa hiyo swali lake ni la kibiashara: mteja ananunua nini hasa?

Kwanza ajue ugonjwa wake, maana "bega linauma" ni sawa na kusema "biashara mbaya". Aina iliyoenea zaidi ni ile ya kano za misuli minne inayolishika fupa la mkono katika kiungo. Kano hizo huchoka au kuchanika kwa kazi ya kunyanyua, hasa mkono ukipita usawa wa kichwa. Dalili zake ni kuuma ukiinua mkono, na usiku kushindwa kulalia upande ule. Ya pili ni bega lililoganda, ambalo huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, na wenye kisukari kuliko wengine. Hilo hukakamaa hata mtu ashindwe kuvaa shati, na laweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu kulegea. Kuna pia kulika kwa kiungo kidogo kilicho juu ya bega, pale hasa gunia linapokalia. Aidha, maumivu mengine huanzia shingoni na kuteremka mkononi, na bega halina kosa lolote.

Maumivu ya bega la kushoto yanayokuja na kubanwa kifua, jasho na pumzi kukata ni ya kukimbiza hospitali saa ile ile, kwa sababu huenda ni moyo.

Sasa tuitazame bidhaa. Kairopraktiki ilianzishwa mwaka 1895 na Daniel David Palmer, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, Marekani. Nguzo yake ni uti wa mgongo. Kwa maumivu ya kiuno utafiti umeonyesha nafuu ya kiasi. Kwa bega ushahidi ni mwembamba. Mwenye shaka atazame mnunuzi mkubwa kuliko sisi sote: bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, Medicare, hulipia kwa tabibu wa kairopraktiki kazi moja tu, ya kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono. Bega halimo. Mnunuzi wa namna hiyo akikataa kulipa, mwenye duka la Msimbazi naye ana haki ya kuuliza.

Si kwamba matabibu hao ni matapeli. Wengi wao hufundisha pia mazoezi, na hapo ndipo penye thamani. Ninalolipinga ni kulipia kifurushi cha ziara kumi au ishirini kabla hujajua una ugonjwa gani. Hakuna mfanyabiashara anayelipia kontena zima bila kufungua katoni moja. Tena kukunjwa shingo kwa nguvu kuna hatari, ingawa ni nadra, ya kuchanika mshipa wa damu uendao kwenye ubongo na kuleta kiharusi.

Bidhaa ya bei nafuu ipo. Mwaka 2021 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio la Uingereza lililohusu watu 708 wenye matatizo ya kano za bega. Waliopewa kikao kimoja cha ushauri na mazoezi ya kufanya nyumbani walikuwa, baada ya mwaka, katika hali sawa na waliohudhuria vikao hadi sita. Basi mwenye bega bovu amwone daktari, apate kikao na mtaalamu wa fiziotherapia, kisha afanye mazoezi kwa miezi, si kwa siku tatu.

Lakini kuli ataanzaje mazoezi ikiwa kesho anasubiriwa na lumbesa? Hapa ndipo sisi wa sokoni tunapohusika. Sheria yetu ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na lumbesa hulipita kiasi hicho. Shirika la Kazi Duniani mwaka 1967 lilipendekeza mzigo wa mwanamume mzima usizidi kilo 55. Kenya, kwa kanuni za mwaka 2019, iliweka gunia la viazi kuwa kilo 50. Sisi tungali tunashonea vilemba juu ya magunia, tukimpunja mkulima na kumvunja mchukuzi kwa mkupuo mmoja.

Najua jibu la wenye stoo. Pale ushuru na ujira vinapohesabiwa kwa gunia, magunia madogo huongeza gharama. Ni kweli, na dawa yake ni kuhesabu kwa kilo. Mzani ukiwekwa mlangoni, kuli akalipwa kwa uzito na halmashauri ikatoza kwa uzito, faida ya lumbesa inakwisha siku hiyo hiyo. Mwenye mtaji mdogo anayetafuta pa kuuweka naye afikirie mikokoteni na maguta ya kukodisha karibu na masoko ya jumla. Lori linaposhushwa usiku wa manane, wateja wa kukodi hawakosekani.