Gari Limebadilishwa, Mkataba wa Bima Umebaki Ule Ule

Wiki chache zilizopita, katika gereji moja ya Ilala, nilimkuta fundi amepiga magoti ndani ya buti ya Toyota IST akifunga mtungi wa gesi. Tairi la akiba lilikuwa limeshatolewa na kuegeshwa ukutani, zulia la buti limekunjwa, na bomba jembamba la chuma lilipita chini ya gari kuelekea kwenye injini. Fundi alikaza boliti nne za bamba la kushikilia mtungi, akautikisa kwa nguvu zake zote, kisha akarudia kukaza boliti moja ambayo hakuiamini. Mwenye gari, dereva wa teksi za mtandaoni, alisimama pembeni akipiga hesabu: petroli ya siku, gesi ya siku, na itachukua miezi mingapi gharama ya kufunga irudi. Hesabu yake ilikuwa imenyooka. Nikamuuliza kama amewaambia watu wa bima. Akanishangaa. "Bima ninayo, kaka," akasema, akanionyesha kwenye simu. "Inaisha mwezi wa tisa."

Bima hiyo inalinda gari ambalo halipo tena. Lililokatiwa bima ni IST ya petroli, ya matumizi binafsi. Lililopo barabarani leo linatumia gesi, linabeba abiria wa kulipa tangu alfajiri hadi usiku, na ndani ya buti yake kuna gesi iliyoshindiliwa kwa msukumo wa bari 200, takriban mara 90 ya upepo ulio kwenye matairi yake. Sisemi mtungi huo ni balaa. Ukifungwa na fundi anayejua kazi yake, ni salama, na kwa nchi yenye gesi ya Songo Songo na bomba linalotoka Mtwara hadi Dar es Salaam tangu 2015, kuitumia gesi yetu wenyewe kwenye magari ni uamuzi wa busara. Tatizo ni kwamba serikali inahimiza, mafundi wanafunga, madereva wanafurahia unafuu, na katikati ya yote hayo hakuna anayeugusa mkataba wa bima.

Kwa kawaida suala la kubadilisha magari tunalizungumza kama habari za vijana wanaoshusha magari na kufunga ekzosi zenye kelele. Hao wapo, lakini ni wachache. Mabadiliko makubwa ya magari nchini yanafanywa na watu wazima wanaotafuta riziki. Noah inaongezewa viti ili ibebe wanafunzi. Kenta inaongezewa bodi na springi ili ibebe tofali zaidi. Hiace inabadilishwa injini kwa sababu ile ya mwanzo imekufa na iliyopatikana kwa wauza spea wa Gerezani ni ya aina nyingine. Kila gari la namna hiyo lina kadi inayotaja namba ya injini, ukubwa wake na rangi ya gari, na mara nyingi kadi inasema jambo moja na gari linasema jingine.

Tuangalie kwanza tunacholipia. Bima ndogo, inayomlinda mtu wa tatu, ni lazima kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169. Kwa gari binafsi wengi wetu tunaijua kwa bei yake ya Sh118,000 kwa mwaka, kodi ikiwemo. Bima kubwa ni hiari, na kiwango kilichozoeleka kwa gari binafsi ni asilimia 3.5 ya thamani. Gari la Sh15 milioni linalipiwa Sh525,000, na ukiongeza VAT ya asilimia 18 inakuwa Sh619,500. Ukizitazama hesabu hizi utaona kwamba zinahitaji thamani ya gari na matumizi yake tu. Hazimuulizi dereva ameandikiwa faini ngapi, wala haziulizi kilichofungwa kwenye buti.

Lakini siku ya ajali, maswali yanakuja yote kwa pamoja. Hapo ndipo mkadiriaji hasara anapofungua buti, anapiga picha mtungi, anaandika "mabadiliko hayakutolewa taarifa", na barua ya kukataa madai inafuata. Jirani yangu mmoja aliipokea barua ya aina hiyo baada ya gari lake kugongwa ubavuni. Kilichotajwa kilikuwa rimu kubwa na taa za ziada alizofunga miaka miwili kabla. Mara mbili alikuwa amehuisha bima hiyo hiyo kwa wakala yule yule, na mara zote mbili alichoombwa ni picha ya kadi ya gari kwa WhatsApp. Fomu ya maombi ilijazwa na wakala mwenyewe. Swali la mabadiliko lilikuwemo kwenye fomu, limejibiwa "Hapana" kwa mkono ambao haukuwa wake.

Kampuni za bima zinajitetea kwa kanuni ya kale: bima ni mkataba wa nia njema kamili, na mwenye mali lazima aseme kila jambo la msingi analolijua, hata kama hakuulizwa. Kanuni hiyo ina asili yake. Mwaka 1766 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya Carter na Boehm, iliyohusu bima ya ngome moja ya Waingereza huko Sumatra dhidi ya shambulio la Wafaransa. Jaji Mansfield alieleza kwamba mkata bima ndiye anayejua siri za mali yake, na anayetoa bima hana budi kumwamini. Maneno hayo yamenukuliwa duniani kote kumbana mkata bima. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba aliyeshinda kesi ile alikuwa mkata bima. Jaji aliona kwamba mtoa bima, akiwa London, angeweza kuzijua hatari za ngome ile kama angetaka, na kwamba hawezi kupokea fedha akiwa amenyamaza kisha akaja kulalamika baadaye.

Kama hoja hiyo ilikuwa na uzito wakati ngome iko mbali kwa miezi ya safari ya jahazi, ina uzito gani leo, wakala akiwa amesimama hatua tatu kutoka kwenye gari na simu yenye kamera mkononi?

Waingereza wenyewe wameshaigeuza kanuni. Mwaka 2012 bunge lao lilipitisha sheria kuhusu utoaji wa taarifa katika bima za watu binafsi, ikaanza kutumika Aprili 2013. Wajibu wa mteja kujitolea kueleza kila kitu uliondolewa. Sasa kazi yake ni kujibu kwa uangalifu anachoulizwa, na kazi ya kampuni ni kuuliza, tena kwa swali linaloeleweka. Akikosea kwa uzembe, si kwa hila, madai yake hayafutwi ikiwa kampuni ingemkatia bima kwa ada kubwa zaidi. Yanapunguzwa kwa uwiano. Aliyelipa Sh600,000 wakati alistahili kulipa Sh800,000, anapata robo tatu ya fidia yake. Aliyedanganya makusudi, hapati kitu. Mimi sioni sababu ya Tanzania kushindwa kufuata utaratibu huo, na ninaamini ungemaliza nusu ya ugomvi kati ya kampuni na wateja.

Na wala si kweli kwamba gari lililobadilishwa halikatiki bima. Nenda Arusha ukatazame Land Cruiser za watalii. Chesisi imekatwa na kurefushwa, paa limetobolewa na kuwekewa kifuniko kinachonyanyuka, viti vimeongezwa, springi zimebadilishwa zote. Hakuna gari lililofumuliwa kuliko hilo, na bado linakatiwa bima kwa sababu mwenye nalo amelipeleka likiwa limeshakamilika, likathaminiwa lilivyo, na kila mmoja anajua anachokubaliana nacho. Tofauti ya gari lile na IST ya Ilala ni taarifa. Mwenye kampuni ya utalii ana mhasibu na wakili wa kumkumbusha. Dereva wa teksi hana.

Kuna mtu wa tatu ambaye hatupaswi kumsahau, naye ndiye aliyesababisha sheria itungwe: mama aliyegongwa akivuka barabara Mbagala, aliyeko hospitali ya Muhimbili na fomu ya polisi ya PF3 mkononi. Yeye hakumfungia mtu taa wala mtungi. Wenzetu wa Kenya wameliandika hili wazi. Kifungu cha 16 cha Sura ya 405 ya sheria zao kinasema masharti ya bima yanayohusu hali ya gari, idadi ya abiria, nguvu ya injini au vifaa vilivyofungwa hayawezi kutumika kumnyima fidia mtu wa tatu. Kampuni inamlipa majeruhi kwanza, kisha ndiyo inamgeukia mwenye gari kudai fedha zake. Huo ndio mpangilio wa haki: anayeumia asisubiri wengine wamalize kubishana kuhusu boliti.

Nije kwenye faini za barabarani, jambo jingine ambalo hesabu za bima haziliulizi. Siku hizi kuna sauti zinazotaka ada ya bima imfuate dereva: anayepigwa tochi kila wiki alipe zaidi, mwangalifu alipe kidogo. Kimsingi ni wazo zuri. California, Marekani, wapigakura walipitisha mwaka 1988 pendekezo namba 103, ambalo linataka rekodi ya uendeshaji iwe kigezo cha kwanza cha kupanga ada ya bima ya gari. Uingereza makosa ya mwendo yana pointi kwenye leseni, na pointi 12 ndani ya miaka mitatu kwa kawaida zinakunyima haki ya kuendesha. Mwendo kasi unaua, na anayeurudia ni hatari kwa kila mtu. Sina ubishi hapo.

Ubishi wangu ni juu ya rekodi yenyewe. La kwanza, faini zetu tumezoea kuzitafuta kwa namba ya gari. Kabla ya kununua gari la mtumba mtaani, jambo la kwanza ni kuangalia deni lake kwenye mfumo wa polisi, kwa sababu deni linakaa na gari hata dereva akiwa ameshaondoka. Fikiria dereva wa daladala anayepeleka hesabu kwa bosi. Anapigwa tochi mara sita kwenye kibao cha 50, gari linadaiwa, anafukuzwa, na kesho anapata gari lingine Tegeta akiwa safi. Ukipandisha ada ya bima kwa kufuata namba ya gari, umemwadhibu bosi na dereva mpya, na aliyekuwa hatari bado yuko barabarani na abiria 30 nyuma yake. Najua watasema bosi atakuwa makini kuchagua dereva. Atachaguaje, wakati historia tuliyozoea kuisoma ni ya gari, si ya mtu huyo?

La pili, faini ya kila kosa ni Sh30,000. Kwa bodaboda na bajaji ilishushwa hadi Sh10,000 katika bajeti ya 2021/22, na ilikuwa haki kufanya hivyo. Lakini taa ya breki iliyoungua na kuyapita magari mlimani kwenye mstari usiokatika vina bei moja. Kampuni ya bima ikiona "faini tano" haijui kama inamtazama muuaji mtarajiwa au mzee mwenye gari bovu. Kabla ya kuzigeuza faini kuwa ada, lazima makosa ya kuhatarisha maisha yatengwe na makosa ya vifaa na karatasi, na yaandikwe kwenye leseni ya mtu. Tena pawepo mahali pa kukata rufaa kwa haraka, maana sote tunajua kuna faini zinazoandikwa na zinazomalizwa kando ya barabara bila kuandikwa, na anayezimaliza kwa njia hiyo ndiye angeonekana dereva bora wa nchi.

Pa kuanzia papo. LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri ardhini, inafuatilia mwendo wa mabasi ya mikoani kwa mtambo, na imeshaanzisha kitufe cha kumtambua dereva aliyeko kwenye usukani. Kwa mabasi, basi, rekodi ya mtu inawezekana. Tuanze na mabasi, tuone kama ajali na ada vinashuka, ndipo tuzungumze na mwenye IST.

Wa bima watasema, na wana haki ya kusema, kwamba kwa ada ya Sh118,000 hawawezi kukagua kila gari, na kwamba maswali mengi yatawafukuza wateja. Sitaki ukaguzi wa kila gari. Nataka swali moja la Kiswahili, linalotumwa kwa simu ya mwenye gari na si ya wakala: je, gari lako limefungwa gesi, limebadilishwa injini, limeongezewa viti au linabeba abiria wa kulipa? Stika ya bima tayari ni ya kielektroniki na inahakikiwa kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima, kwa namba ya gari. Mfumo unaoweza kumwambia trafiki kwamba bima yangu imeisha jana unaweza pia kuniuliza swali hilo na kutunza jibu langu. TIRA iagize kwamba kampuni isiyoonyesha jibu la mteja mwenyewe isiruhusiwe kukataa madai kwa sababu ya mabadiliko. Na kwa magari ya gesi, karakana itoe cheti cha kufungwa kwa mtungi, nakala iende kwa kampuni ya bima siku hiyo hiyo.

Mpaka agizo hilo litoke, ndugu msomaji, mzigo uko kwako. Gari likitoka gereji, piga picha kilichofungwa, chukua risiti yenye jina la karakana, na umwandikie wakala ujumbe unaotaja mabadiliko hayo. Usimpigie simu, mwandikie, na ujumbe huo usiufute. Ukihuisha bima, omba nakala ya fomu iliyojazwa kwa jina lako, utafute swali la mabadiliko, na usome umejibiwa nini.