Gari halitikisiki, Kituku inazama

Viwanda vya magari vya Japani, Ulaya na Marekani vinajisifu: gari la haibridi, lenye injini ya esanse na mota ya umeme, linahama kutoka umeme kwenda esanse bila abiria kusikia lolote. Kompyuta ndogo ndani yake ndiyo inaamua, kufumba na kufumbua.

Kompyuta za namna hiyo zinahitaji vifaa vidogo vya kutuliza umeme, na baadhi yake vinatengenezwa kwa tantali, inayotoka katika koltani. Septemba 2024 Baraza la Usalama liliambiwa kwamba Rubaya, kule Masisi, inatoa zaidi ya asilimia 15 ya tantali ya dunia. Masisi hiyo hiyo ndiko zilikotoka familia nyingi zilizokimbilia Goma.

Wakaaji nao walilazimika kuhama namna ya kusafiri. Vita vilipokata barabara ya Minova mwaka 2024, waliacha magari wakapanda maboti. Tarehe 3 Oktoba boti kutoka Minova, lililojaa kupita kiasi, lilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, watu wakitazama toka ukingoni. Wengi walikufa.

Wenye viwanda watasema: sisi tunanunua madini yenye alama, vita si kazi yetu. Jibu hilo halitoshi. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza kwamba koltani ya Rubaya, ikiwa mikononi mwa M23, ilivushwa hadi Rwanda na kuchanganywa na ya huko. Mfuko ukishachanganywa njiani, alama yake inathibitisha nini?

Watasema pia kwamba gari hili linapunguza moshi. Ni kweli, na ni vizuri. Lakini anayepima usafi kwenye bomba la moshi tu, bila kutazama shimo la Rubaya, amefanya nusu ya hesabu.

Kila kiwanda kionyeshe hadharani koltani yake ilitoka shimo gani, na nani aliitoza kodi. Faida irudi pia huku: barabara, gati salama, majaketi ya kuokolea maisha. Na wenye maboti na wakubwa wa bandari wasijifiche nyuma ya viwanda vya ng'ambo. Kuhesabu abiria kabla boti halijang'oa nanga hakuhitaji kompyuta.