Ukulima na Ufugaji: Mafuta Katika Chakula cha Vifaranga

Wafugaji wengi huangalia unga na dagaa katika chakula cha vifaranga, wakayasahau mafuta. Hali mafuta ni sehemu kubwa ya chakula cha kwanza cha kifaranga. Kiini cha yai, ambacho karibu thuluthi yake ni mafuta, huingia tumboni mwake muda mfupi kabla ya kuanguliwa, kikamtunza kwa siku 2 au 3 za kwanza.

Baada ya hapo mafuta yana kazi tatu. Kwanza, huleta nguvu na joto zaidi ya mara mbili kuliko wanga wa uzito uleule. Pili, huusaidia mwili kupokea vitamini A, D, E na K. Tatu, mafuta ya mahindi na alizeti yana asidi ya linoleiki, ambayo kuku hawezi kujitengenezea. Kifaranga akiikosa, hudumaa. Kwa hiyo mahindi yasagwe bila kukobolewa, kwa maana mafuta mengi ya punje yamo katika kiini chake.

Huko Dunga, karibu na Kisumu, omena hupatikana kwa wingi. Dagaa hawa huvuliwa usiku kwa taa, kisha huanikwa juani, na wakikauka vizuri ni lishe bora. Lakini wakati wa mvua hawakauki upesi. Mafuta yao huharibika, yakatoa harufu kali. Omena wa namna hiyo huuzwa kwa bei nafuu kuwa chakula cha mifugo, na hapo ndipo hasara inapoanza.

Mafuta yaliyoharibika huangamiza vitamini E. Kifaranga wa wiki 2 hadi 4 hupatwa na maradhi ya ubongo: huyumba, huanguka chali, shingo ikapinda, na mara nyingi hufa. Mwenyewe hudhani ni kideri, kwani kideri nacho hupinda shingo. Yafaa afisa wa mifugo aitwe apate kupambanua, na chakula kinachotiliwa shaka kiondolewe mara moja.

Mfugaji mwenye busara huwanusa omena kabla ya kuwanunua. Huwaweka mahali pakavu penye kivuli, na husaga wa siku chache tu, kwa sababu wakisagwa huharibika upesi zaidi. Huwapa vifaranga majani mabichi pia, yenye vitamini E. Wala hazidishi mafuta, kwa maana kifaranga hushiba mapema, akakosa chakula cha kutosha cha kujenga mwili.